Fundi, diski yako ni ya mwaka gani?

Leo nitagombana na watu ninaowapenda. Nitagombana na mafundi wa kompyuta wa hapa kwetu, wengi wao wadogo zangu. Baada yao nitagombana na wakubwa na mashirika yanayotuletea mashine. Sababu ya ugomvi ni diski. Ile diski, au siku hizi ile flashi, ambayo fundi anaitoa mfukoni mashine inapokufa. Anaichomeka, anakunywa chai, na baada ya saa moja anakurudishia mashine anayoiita mpya.

Diski hiyo ni ya mwaka gani?

Nimeuliza swali hilo kwenye sekretaria kadhaa kando ya barabara. Majibu ni mawili. La kwanza: "Ni Windows 7, inakwenda vizuri." La pili: "Ni Windows 10, rafiki alinipa kule Butembo." Mwaka hawaujui. Nani aliitengeneza, hawajui. Ilipita kwenye mashine ngapi zenye virusi kabla ya kufika Mangina, hilo ndilo hawataki hata kuulizwa.

Kwa wasiojua, nieleze. Kompyuta bila mfumo endeshi ni sanduku la chuma. Windows ni mfumo endeshi, Ubuntu ni mfumo endeshi. Mfumo huo umeandikwa na binadamu, na binadamu huacha matundu. Kila mwezi matundu mapya yanagunduliwa, na walioandika mfumo wanatoa viraka vya kuyaziba. Viraka hivyo ndiyo masasisho, au mizajuru kama tunavyosema kwetu. Sasa, diski ya kusakinishia inabeba mfumo jinsi ulivyokuwa siku diski ilipotengenezwa. Viraka vilivyotoka baadaye havimo. Windows 7 yenye Service Pack 1, ambayo naikuta sana hapa, ni ya Februari 2011. Mashine inayosakinishwa nayo wiki hii inaamka ikidhani tuko mwaka 2011. Matundu yote yaliyogunduliwa toka hapo yako wazi, na wezi wanayajua kwa majina.

Tundu moja kati ya hayo lina historia. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba njia ambayo mashine za Windows zinaitumia kupeana mafaili ndani ya ofisi. Tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika njia hiyohiyo. Kiliingia mashine zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu na kurudisha wagonjwa. Nyingi ya mashine zilizopigwa zilikuwa Windows 7 ambazo hazikupata kiraka. Kiraka kilikuwepo miezi miwili, bure. Diski ya 2011 haina kiraka hicho, na haitakuwa nacho hadi mtu akibandike ndani.

Sisi wa Mangina hatuchezi na neno kirusi. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, na jina la mji wetu likasomwa duniani kote. Tarehe 8 Agosti chanjo ilianza kutolewa hapahapa. Chanjo ile ilitaka baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, katika mji usio na umeme wa kutegemea, na bado ililetwa. Hakuna aliyetuambia kila mtu wa Mangina ajipange mwenyewe, aende Ulaya akachanjwe. Dawa ilisafiri mara moja, ikagawanywa hapa. Sifananishi kompyuta na mtu, nani angethubutu, baada ya kuzika watu wengi hivyo? Ninafananisha njia. Kwenye kompyuta tunaambiwa kinyume: kila mashine, peke yake, kwa mega zake, ipande hadi Marekani ikachukue dawa yake, irudi. Na isipoweza, basi ikae hivyohivyo.

Mtu ataniambia: "Wewe mwandishi wa habari, watu wanakimbia vijiji, na wewe unaongelea diski?" Ndiyo, na ni kwa sababu watu wanakimbia. Mnajua flashi ya mtu aliyehama inabeba nini? Inabeba picha ya kadi ya mpiga kura iliyopotea njiani. Inabeba buletini za watoto, ili shule ya huku iwapokee darasa wanalostahili. Inabeba diplome ya serikali ya kijana ambayo karatasi yake iliungua. Inabeba picha ya harusi ambamo yumo mtu ambaye hayupo tena. Nyumba nzima imeingia kwenye kitu cha ukubwa wa kidole. Mwenye kitu hicho hana kompyuta. Anakwenda kukichomeka kwenye mashine ya sekretaria, mashine ambayo siku hiyohiyo imeshapokea flashi za watu 40.

Miezi michache iliyopita, baba mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Mamove alifika kwenye sekretaria mojawapo, sitaitaja, ili achapishe hati ya kununua shamba lake la kakao. Karatasi yenyewe ilibaki kwenye nyumba, na nyumba haipo. Alikuwa na picha tu kwenye flashi. Akachomeka. Mafaili yote yakageuka kuwa njia za mkato, zile alama zenye kishale kidogo, ambazo ukizibonyeza hazikupeleki popote. Kijana wa sekretaria akamwambia: "Baba, humu hakuna kitu tena, tuifute tuanze upya." Mteja mwingine aliyekuwa anangoja fotokopi ndiye aliyemzuia, maana kirusi cha aina hiyo kwa kawaida hakifuti mafaili, kinayaficha. Waliyarudisha. Kama angekubali kufuta, leo angekuwa na maneno tu mbele ya yeyote atakayesema shamba ni lake. Na kwenye mashamba ya kakao yaliyoachwa na wenyewe, watu wa kusema "ni langu" hawakosekani.

Basi jamaa mliohama, kabla sijaendelea: mtu akikuambia flashi yako "imekuwa tupu", usikubali aifute. Ipeleke kwa fundi wa pili.

Mashine ile ya sekretaria ilikuwa imetengenezwa siku chache tu kabla. Fundi alikuwa ameisakinisha upya, amelipwa, ameondoka. Ilikuwa "mpya". Ilizaliwa na ugonjwa, au iliupata wiki ya kwanza kwa sababu haikuwa na kinga yoyote. Yote mawili ni kosa la diski.

Sasa nijibu mafundi, maana nao wana hoja zao na baadhi si za kipumbavu.

Hoja ya kwanza: mashine za sekretaria hazina intaneti, kwa hiyo hazihitaji masasisho. Hii ndiyo inayosemwa zaidi, na ndiyo mbovu zaidi. Virusi vilivyotesa mashine zisizo na intaneti vilitembea kwa flashi. Conficker, tangu mwisho wa 2008, kilisambaa kwa mtandao na kwa flashi pia: unachomeka tu, Windows yenyewe inakifungua. Februari 2011 Microsoft ilisambaza kiraka cha kuzima tabia hiyo ya kujifungua kwenye Windows XP na Vista. Kiraka kimoja. Mashine iliyokipata iliacha kuambukizwa kwa njia hiyo, isiyokipata iliendelea. Mwaka 2010 kikajulikana kirusi kingine, Stuxnet, kilichoharibu mitambo ya nyuklia ya Iran kule Natanz, mahali palipotengwa kabisa na intaneti. Nacho kilitumia flashi, kikapitia tundu katika alama zilezile za njia za mkato. Kama mashine zilizofungiwa chini ya ardhi zilifikiwa, sembuse ile iliyo kando ya barabara yetu?

Niseme ukweli wote, ili fundi asije akanikamata kwenye redio: viraka havitibu kila kitu. Mtu akibonyeza mwenyewe faili bovu, amefungua mlango kwa mkono wake. Inahitajika pia dawa ya virusi iliyo ya karibuni, na ipo: Microsoft inatoa dawa ya Defender kama faili moja unalolipakua sehemu moja na kulipeleka kwa flashi kwenye mashine nyingine. Lakini dawa hiyo kwenye Windows yenye matundu ya miaka kumi ni kama kuweka mlinzi kwenye nyumba isiyo na kuta.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, na hapa nawaonea huruma. Fundi anasema: "Nikiacha masasisho yafanye kazi, mteja ananirudia amekasirika. Mega zake zimekwisha usiku mmoja." Ni kweli. Nimeona mashine ya studio, kwenye redio moja ya mkoa huu, ikijizima na kuanza kujisasisha dakika tano kabla ya habari, baada ya kula mega zilizonunuliwa ili kutuma sauti za waandishi. Mtu aliyepatwa na hayo anachukia neno mizajuru maisha yake yote. Kwa hiyo fundi anazima masasisho kabisa, mteja anafurahi, na mlango unabaki wazi milele.

Tupige hesabu. Laini ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo kwetu siku nyingi ni neema, inapakua jigabaiti 1 kwa saa 2 na dakika 13. Mashine iliyosakinishwa kwa diski ya zamani inaweza kudai jigabaiti kadhaa. Tuseme 3: ni karibu saa 7. Shule yenye mashine 10 itahitaji jigabaiti 30 na saa 67 kwenye laini hiyohiyo. Jenereta gani itanguruma saa 67? Nani atalipa esansi? Ni mwalimu, ambaye mshahara wake anaufuata Beni kwa pikipiki? Hawezi. Basi mashine 10 zinabaki wagonjwa 10.

Lakini viraka vikiwekwa ndani ya diski kabla ya kusakinisha, unapakua jigabaiti 3 mara moja tu. Mara moja, usiku, Beni au Butembo, mahali penye laini nzuri. Kisha diski hiyo inasakinisha mashine 10, au 100, bila mega hata moja, na kila mashine inaamka ikiwa na kinga tayari. Fundi anaweza hata kuzima masasisho baadaye kama mteja ni maskini wa mega; angalau anaanza kutoka leo, si kutoka 2011.

Na msidhani ninaota. Jambo hili lilikuwa kawaida kwa wazungu wenyewe walipokuwa na intaneti ya polepole kama yetu. Mwaka 2004 taasisi ya SANS ya Marekani ilipima mashine ya Windows isiyo na viraka itakaa muda gani kwenye intaneti kabla ya kushambuliwa, ikapata wastani wa dakika 20 hivi. Dakika 20 hazikutosha hata kupakua viraka vyenyewe! Mashine ilikuwa inaugua njiani kwenda kwa daktari. Walifanya nini? Februari mwaka uleule Microsoft ilitengeneza sidi ya masasisho ya usalama na kuituma bure kwa posta. Ilipotoka Service Pack 2 ya Windows XP, Agosti 2004, nayo iliagizwa kwa sidi. Mafundi wao walijifunza kuyeyusha viraka ndani ya diski ya XP. Kulikuwa na programu ya bure, nLite, kwa kazi hiyo. Kampuni ya Canonical, wenye Ubuntu, ilituma sidi bure duniani kote hadi 2011. Na Afrika Kusini, ambako intaneti ilikuwa ghali, shirika la Shuttleworth liliweka vioski vilivyoitwa Freedom Toaster: unakwenda na sidi tupu, unachagua, kioski kinakuandikia mfumo mzima, unarudi nyumbani.

Halafu laini zao zikawa za kasi, na wakaacha yote. Waliopata barabara ya lami waling'oa daraja la miti ambalo sisi bado tunalipita. Hawakutuuliza, na sitarajii watuulize. Ninachosema ni kwamba daraja hilo si siri. Vifaa vyake bado vipo, bure, na vijana wetu wana akili ya kulijenga upya.

Kwa mafundi, nifafanue kidogo, wengine mtanisamehe. Diski safi ya Windows inapakuliwa kwa Microsoft wenyewe, si kwa rafiki wa Butembo. Windows 10 ya mwisho, toleo la 22H2, ilitoka Oktoba 2022, na masasisho yake ya mwisho ya bure kwa wote ni ya tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo kati ya diski hiyo na kiraka cha mwisho kunaweza kuwa na hadi miaka 3 ya matundu. Habari njema: viraka vya Windows 10 ni vya kujumlisha, cha mwisho kinameza vilivyotangulia. Unakipakua kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft. Kisha unatumia DISM, ambayo imo tayari ndani ya Windows: inafungua faili la install.wim, inabandika kiraka, inalifunga. Ukikuta install.esd, ligeuze kwanza. Faili likizidi jigabaiti 4, flashi iliyopangwa kwa FAT32 italikataa. DISM hiyohiyo inalikata vipande. Hata wale wanaong'ang'ania Windows 7 kwa sababu mashine ni dhaifu: Mei 2016 Microsoft ilikusanya karibu viraka vyote tangu Service Pack 1 katika furushi moja, halafu vikafuata vya kila mwezi hadi Januari 2020. Vibandike. Fundi mwenye subira anaimaliza kazi hii kwa mchana mmoja, na kwa Windows 10 haitarudiwa kila mwezi, maana viraka vya bure vimesimama.

Mkishamaliza, kuna mambo mawili ambayo hakuna anayeyafanya hapa. Moja ni alama ya faili, ile inayoitwa SHA-256. Ni kama alama ya kidole: herufi moja ikibadilika ndani ya diski, alama yote inabadilika. Microsoft wanaitoa kwa diski zao, na amri ya certutil inaihesabu kwenye mashine yako bila intaneti. Mkibandika viraka alama itakuwa mpya, basi iandikeni, pamoja na tarehe, kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya diski. La pili: flashi ya fundi inaambukizwa kila inapochomekwa kwenye mashine mgonjwa. Fundi anakuwa nyuki anayebeba sumu badala ya asali. DVD ya kuandikwa mara moja haiambukizwi, hakuna kirusi kinachoweza kuandika juu yake. Windows yenye viraka huenda ikahitaji ile DVD ya tabaka mbili, na mashine nyingi mpya hazina tena mlango wa DVD, najua. Basi nunueni flashi yenye kitufe cha kufunga maandishi, zipo, au msomaji wa DVD wa nje. Ndiyo maana mzee kama mimi wa miaka thelathini na kitu bado anasema diski.

Kuna hoja ya tatu ambayo mafundi wanaisema kwa sauti ya chini: diski zao zimevunjwa kufuli, kwa sababu mteja hana pesa ya leseni. Hapa sina huruma. Kwanza, mashine nyingi za mitumba zinazotoka Ulaya na kufika Butembo zilinunuliwa na leseni. Tangu Windows 8, leseni hiyo kwa kawaida imeandikwa ndani ya mashine yenyewe. Sakinisha diski safi ya toleo linalolingana, na inajitambua. Mnavunja kufuli ya mlango ambao ufunguo wake uko kwenye tundu! Pili, kile kifaa cha kuvunjia kufuli, jambo la kwanza kinalokuomba ni nini? Uzime dawa ya virusi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, wewe unamkaribisha na kumwandalia kiti?

Na kwa asiye na leseni kabisa kuna njia halali: Linux. Ubuntu na Linux Mint ni za bure, ziko kwa Kifaransa. Wenye Ubuntu bado wanatufanyia kazi hii wenyewe: kwenye matoleo yao ya muda mrefu, kila baada ya miezi kadhaa wanatoa diski mpya yenye masasisho ndani. Toleo la 24.04 la Aprili 2024 lilipata diski mpya Agosti 2024, Februari 2025 na Agosti 2025, na litahudumiwa hadi 2029. Anayetaka kuongeza programu za sekretaria ndani ya diski, ipo programu iitwayo Cubic kwa kazi hiyo. Wanaosema Linux si ya Waswahili wajue kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa programu za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, Jambo OpenOffice. Kuchapa barua na kutoa fotokopi ya buletini hakuhitaji zaidi ya hapo.

Hili linazidi kuwa la haraka. Microsoft ilipositisha viraka vya bure vya Windows 10, watu wa Ulaya walipewa mwaka mmoja zaidi bila kulipa. Kwetu kuna masharti: dola 30, au pointi zao za zawadi, au mashine ihifadhi mipangilio yake kwao kupitia intaneti. Windows 11 inadai vifaa ambavyo mashine zetu za mitumba, nyingi, hazina. Mashine hizo sasa zinatupwa kule, na ninyi mnajua zinatupwa upande gani.

Hapo ndipo ninapogeukia wakubwa. Mashirika yanaleta kompyuta kwenye shule, vituo vya afya na ofisi. Kuna fulana, kuna picha, kuna hotuba. Gari linaondoka na antena ya satelaiti iliyokuwa juu yake. Mashine inabaki, na siku itakapokufa, itatengenezwa kwa diski ya rafiki wa Butembo. Orodha za jamaa zilizohama zinaandikwa kwenye mashine kama hizo. Orodha ikipotea, mama analala bila chakula, kwa sababu jina lake "halionekani kwenye sisteme". Ninyi wenye laini ya kasi mnaweza kupakua usiku mmoja kitu ambacho mji mzima hauwezi kupakua kwa mwezi. Andikeni kwenye mikataba yenu mstari mmoja: kila mashine inayotolewa iachwe na diski yake, yenye masasisho, tarehe na alama, mikononi mwa mtu wa hapa. Bei yake haifiki bei ya fulana.

Vyuo vyetu navyo. Kuna UCBC Beni, kuna Université Catholique du Graben Butembo. Vijana wanaosoma informatiki wanaandika kazi za mwisho wa masomo kuhusu mambo ya mbali ambayo hakuna atakayeyatumia. Diski ya mkoa inayosasishwa kila mwezi, ikiandikwa bure kwa fundi yeyote anayefika na DVD tupu, hiyo nayo ni kazi ya kisomi. Barabara ya Beni inapofungwa kwa usalama, motari mmoja akipita na msafara anaweza kubeba diski 20 kwenye koti.

Ninajua wapo wanaosema tungoje Starlink, maana ARPTC iliipa leseni Mei 2025. Ije. Ila nani kati ya jamaa zilizolala kwenye madarasa ya shule atalipa kila mwezi? Na hata laini ikiwa ya kasi, kupakua kitu kilekile mara 100 badala ya mara moja ni kumwaga maji kwenye mchanga.

Wasikilizaji wetu nao si kondoo. Ukipeleka mashine, au hata flashi tu, uliza maswali matatu kabla ya kutoa makuta: Diski yako ni ya mwezi gani? Uliitoa wapi? Nionyeshe alama yake. Fundi akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Sisi wa redio tunafanya hivi. Fundi yeyote wa Mangina, Cantine au Makeke atakayekuja na diski yake, tutaihesabu alama mbele yake kwenye mashine isiyounganishwa na kitu kingine, na tutasoma hewani jina la sekretaria yake na tarehe ya diski, bila malipo, wiki nzima. Wasiokuja hatutawataja. Wasikilizaji wetu wanajua sekretaria za mji huu zote, na wanajua kuhesabu.